Kula shughulini na hotelini bila ngano: mwongozo kwa anayeanza

Maswali ni yaleyale kila wiki. Dada harusini unakula nini? Hivi pilau ina ngano? Ukweni nikikataa chapati si wataona najidai? Nimejibu mpaka vidole vimechoka, kwa hiyo leo naandika yote kwa mpigo, na wewe ukiulizwa mtumie mwenzio.

Mi nna siliaki, ule ugonjwa ambao ukila gluteni (protini ya kwenye ngano na ndugu zake) kinga ya mwili inashambulia utumbo wako, mwaka wa sita huu toka niambiwe. Kwetu Tanga, nakaa Dar, na ukoo wetu hauishiwi shughuli, mwezi ukipita bila harusi basi ujue kuna arobaini. Na nilichokuja kugundua ni kwamba vyakula vyetu vyenyewe wala havina tatizo, wali, ugali, ndizi, muhogo, magimbi, maharage, samaki, nyama, vyote hivyo havina gluteni. Tatizo liko kwenye upawa, kwenye karai la mafuta, na kwa shangazi anayekusukumia sahani huku anakwambia "kidogo tu mwanangu, hakikuui".

Kabla hujaendelea kusoma, kama HUJAPIMA, usiache ngano kwanza. Najua tumbo linakusumbua na umesikia fulani kaacha mkate kapona, ila kipimo cha damu kinatafuta jinsi mwili unavyopambana na gluteni, ukishaacha kuila miezi kadhaa majibu yanaweza kutoka safi wakati ugonjwa unao, afu daktari akwambie rudi ukale chapati wiki kadhaa ndo uje tena. Pima kwanza, hata kile kipimo cha kuangalia utumbo kama umeambiwa ufanye, halafu ndo uache.

Uwe na nini kabla ya kutoka nyumbani

Kwanza majina. Ukisema gluteni kwa mpishi atakuangalia tu, sema NGANO. Gluteni iko kwenye ngano, shayiri, na ndugu yao anaitwa rai ambaye huku kwetu humkuti sana. Ila neno ngano peke yake halitoshi maana watu wengi kichwani kwao ngano ni chapati na mandazi basi. Tambi hawazihesabu. Semolina hawaihesabu. Mkate wa brauni na unga wa ata wanaona ni "wa afya" kwa hiyo utakufaa, wakati ni ngano ileile na pumba zake.

Pili kikadi, nimekiandika kwenye simu na nimekichapisha vitatu vinakaa kwenye pochi. Nakili hiki changu:

*Ndugu mpishi, nina ugonjwa wa tumbo, daktari amenikataza ngano na shayiri kabisa, hata kidogo. Siwezi kula chapati, mkate, tambi, sambusa, katlesi, soseji, soya sosi, mchuzi uliotiwa unga, wala kitu kilichokaangwa kwenye mafuta ya mandazi au sambusa. Naweza kula wali, ugali wa mahindi, ndizi, viazi, muhogo, nyama, samaki, mayai, maharage, mboga na matunda. Naomba kijiko na sufuria safi. Ahsante sana.*

Tatu kontena lenye mfuniko na kijiko chako. Nne akiba mkobani, korosho, tende, ndizi mbivu, mi huwa na karanga za maganda maana hizo hakuna aliyeziongezea kitu. Tano, na hii naiona ndo kubwa kuliko zote, mtu mmoja wa upande wako kwenye hiyo shughuli. Mimi ni mdogo wangu. Akiona naelemewa anakuja anasema "huyo mwacheni, mnataka kumlaza hospitali?" na maneno yanaishia hapo.

Hatua zenyewe

1. Kula nyumbani kwanza. Usishibe sana, ila usiende na njaa. Mtu mwenye njaa saa nne usiku ukumbini, MC bado anaita meza moja moja, atajiambia katlesi moja haina neno. Kumbuka slaisi moja ya mkate ina kama gramu 2 za gluteni au zaidi, na kiasi ambacho wataalamu wengi wanakubali kwamba mwenye siliaki anaweza kukivumilia kwa siku nzima ni chini ya miligramu 10. Piga mwenyewe hesabu hiyo "kidogo tu" ya shangazi ni kubwa kiasi gani.

2. Tafuta mpishi, achana na mwenye shughuli. Wanaoanza wanakosea sana hapa, wanampigia mama wa bi harusi ambaye ana mambo mia kichwani, atakujibu "usijali mwanangu utakula" na hajamwambia mtu. Muombe namba ya anayepika, iwe ni kampuni ya chakula au bi fulani wa mtaani, mpigie siku mbili tatu kabla. Usimuulize "kuna chakula kisicho na ngano?" maana atasema kipo. Muulize anavyopika: pilau unatia nini, nyama unairosti na nini, mchuzi unauzitisha kwa unga? Kuku unampaka nini kabla ya kukaanga? Vile vidonge na vipakiti vya kuongeza ladha, unatumia vya aina gani? Akishataja, soma pakiti dukani, vingine vina unga wa ngano na vingine havina.

3. Ukifika pita jikoni kabla ya kwenda kukaa. Kwa shughuli za nyumbani hii ni rahisi na kwanza ni heshima, unaingia unasalimia, shikamooni, poleni na kazi, unashika hata kisu umenye vitunguu viwili. Huku macho yako yanatembea. Unaona chapati zinasukumwa wapi, unga unaruka mpaka wapi, kachumbari inakatwa meza ipi. Ukiona pilau ndo linaepuliwa, muombe mama akupakulie kwenye kontena lako hapohapo, lile la katikati ya sufuria, kabla upawa haujaanza safari zake. Mi hiyo mbinu imeniokoa kuliko kadi na maelezo yote.

4. Bufee: wa kwanza au usipange kabisa. Kwenye kitchen party na send-off chakula kikishapitiwa na watu hamsini, kijiko cha tambi kimeshahamia kwenye wali, cha wali kimehamia kwenye rosti, na vipande vya sambusa vimeshadondokea saladi. Ongea na wale vijana wanaohudumia kabla MC hajafungua, waambie una tatizo la kiafya, wengi watakupakulia mwanzo bila shida. Ukichelewa, chukua tunda zima unalomenya mwenyewe na soda yako ukae.

5. Sinia. Hapa pagumu na sikufichi. Kula pamoja ndo mapenzi yenyewe, ukitengwa na sahani yako unajiona mgonjwa kweli. Kuna hitima moja nyumbani tulikuwa watano kwenye sinia, wali mweupe, mchuzi wa nyama kwenye bakuli katikati, nikasema leo nakula na wenzangu, wali hauna ngano, mchuzi nimeuona ukipikwa. Mjomba akamega chapati, akaichovya kwenye bakuli, akaizungusha vizuri, akala, akachovya tena. Vile vichenga vinaelea juu ya mafuta nikaviona kwa macho yangu. Siku hizi naomba mchuzi wangu kwenye kibakuli pembeni, nakaa sinia moja na wenzangu ila upande wangu nauwekea mpaka, na chapati nawaambia ziwekwe sahani nyingine. Wakiwa ni watu wa karibu wanaelewa. Wakiwa wageni, bora sahani yako tu.

6. Keki ya harusi. Hii hakuna anayekuonya. Kama wewe ni mzazi, mama mdogo, shangazi, au ndo metroni, utaitwa mbele ulishwe keki na ukumbi mzima umekukodolea macho, kamera hii hapa, matarumbeta yanalia. Mimi niliitwa kwenye harusi ya mtoto wa dada yangu, nikafungua mdomo, nikaiweka shavuni, nikatabasamu, nikaenda nyuma ya pazia nikatema kwenye tishu. Haikusaidia kitu, siku tatu nilikuwa kitandani. Sasa hivi naongea na MC na mpambaji mapema, kwenye kile kisahani cha vipande kunawekwa tende moja pembeni, maharusi wanajua, wananilisha tende. Kwenye video wala haionekani. Na kama wewe ndo bi harusi, agiza ile keki ya juu kabisa itengenezwe kwa unga wa mchele, na mtengenezaji aipike siku ambayo hajapika nyingine, vinginevyo ni keki ya mchele iliyopakwa ngano.

7. Kuchagua pa kula nje. Watanishangaa lakini mi namwamini mama ntilie kuliko hoteli ya nyota. Kwa mama ntilie sufuria ziko mbele yako, ugali huu, maharage haya, dagaa wale, unauliza anakujibu mwenyewe aliyepika. Ila uende kwa anayepika mchana tu, yule wa asubuhi anayechoma chapati na kukaanga mayai kwenye chuma hichohicho, muepuke. Hoteli kubwa wanapaka unga samaki, wanazitisha supu kwa unga, mhudumu hajawahi kuingia jikoni, na menyu imeandikwa vizuri mpaka unasahau kuuliza.

Kwa haraka haraka kuhusu aina za migahawa: ya Kichina karibu yote ina soya sosi, na soya sosi ya kawaida imetengenezwa na ngano. Ya Kihindi ina vingi vinavyokufaa, dosa, idli, dengu, ila uliza mvuje, maana ule wa unga wa kopo mara nyingi umechanganywa na ngano. Ya Kihabeshi, injera ya tefu tupu (nafaka yao ndogondogo) ni salama lakini wengi huchanganya na ngano au shayiri. Nyama choma ni rafiki yako, omba isiyopakwa kitu zaidi ya chumvi na ndimu, na ubao wa kukatia ufutwe, maana mkate na soseji navyo hukatiwa hapohapo.

8. Uliza maswali manne, kwa utaratibu huu. Nenda saa ambazo jiko limetulia, saa tano hivi au saa tisa mchana. (a) Hiki kimepakwa unga kabla ya kupikwa? (b) Mafuta haya mnakaangia nini kingine? (c) Mchuzi umezitishwa na nini? (d) Kuna soya sosi au kipakiti cha kuongeza ladha humu? Swali la mafuta ndo linaloua chipsi. Viazi na mafuta havina kosa, ila karai likishapitiwa na sambusa na soseji basi. Ndo maana chipsi za kibandani ambapo jamaa anakaanga chipsi tu na mishkaki iko jikoni kwenye mkaa, zinaweza kuwa salama kuliko za hoteli.

Na usione aibu kusema una mzio. Kitaalamu siliaki sio mzio, ni kinga ya mwili inayoshambulia utumbo mwembamba, lakini ukianza darasa hilo na mhudumu ana meza sita zinamsubiri atakwambia ndiyo kwa kila kitu. Mzio analielewa, anaogopa.

9. Sahani ikija, ikague kabla ya kushukuru. Nilishakaa hoteli moja pale mjini, nimeuliza mara mbili, nimeambiwa samaki hana ngano kabisa dada yangu. Amekuja kapendeza. Nikamkwaruza kwa uma mgongoni, ukatoka utando mweupe kama chokaa. Kumuita kijana, anasema "aah, tumempaka kidogo tu asigande kwenye kikaango". Hakuwa ananidanganya, kwake unga wa kupaka haukuwa chakula. Tokea siku hiyo siulizi kama ina ngano, nauliza kama imepakwa KITU CHOCHOTE. Na wakikosea usikubali watoe mkate pembeni wakurudishie sahani ileile, omba mpya. Mi huwa naacha alama, nachoma shimo kwenye ndimu.

Ramadhani na vyakula vya pwani

Hiki ni kipengele cha peke yake maana mitego ni mingi na yote mitamu. Futari ya mihogo ya nazi, magimbi, viazi vitamu, ndizi, maharage ya nazi, kula ushibe. Uji uulize: wa mchele au mtama sawa, lakini wa ngano na wa shayiri unapikwa sana na kwenye kikombe vinafanana, kuna pilipili manga juu na huoni tofauti. Bokoboko ni ngano yenyewe na nyama, hilo liache hata kama harufu inakuita kwa jina. Urojo wa Zanzibar, ule mchuzi wa njano, unazitishwa kwa unga wa ngano, wengi hawajui hilo wanadhani ni embe na ndimu tu. Kaimati, visheti, tambi, sambusa, yote ngano. Kababu na katlesi, ndani nyama na mbatata lakini kuna mkate wa kushikizia au chenga za nje. Viazi karai inategemea, kuna wa unga wa dengu na wa ngano.

Vitumbua na mkate wa kumimina asili yake ni mchele, na hapa ndo nililia maana wapishi wa siku hizi wanatia kijiko cha ngano "vishikane". Muulize muuzaji, na mi nikipata anayeapa ni mchele mtupu namfanya ndugu kabisa.

Haluwa inatengenezwa na wanga, muulize ni wanga wa nini.

Vinywaji: madafu, juisi ya miwa, ukwaju, chai, kahawa, soda za kawaida, sawa. Vile vinywaji vya malti visivyo na kilevi ambavyo harusini vinagawiwa kama maji ni kimea cha shayiri, hapana. Bia nyingi pia ni shayiri, kwa wanaokunywa. Mbege asili yake ndizi na ulezi.

Na jirani yangu Mkatoliki aliniuliza kuhusu Komunyo, nikamsaidia kufuatilia: hostia (kile kimkate cha ngano cha Komunyo) isiyo na gluteni kabisa hairuhusiwi kwao, ila zipo zenye gluteni kidogo sana zinazokubalika, barua ya Vatican ya 2017 ililirudia hilo. Anaweza pia kupokea divai peke yake. Akaongee na paroko mapema, na akipokea divai iwe kwenye kikombe cha pembeni, maana kile cha padri huwa kinadondoshewa kipande cha hostia.

Makosa ninayoyaona kila siku

Kuamini unga wa mashineni. Ulezi, mtama, muhogo havina gluteni, ila mashine iliyotoka kusaga ngano ya mtu inakuachia ya kwako. Na uji wa lishe wa pakiti mara nyingi umetiwa ngano ndani, soma.

Kuchomoa nyama ndani ya sambusa au kuondoa mkate ukala cha katikati. Hapana bana.

Kusema "niko kwenye dayati". Ukisema dayati umejitakia, watu watakushawishi mpaka asubuhi maana dayati ni ya kupunguza mwili na kila mtu ana haki ya kuivunja kwa niaba yako. Sema daktari amekataza.

Mambo yakienda kombo

*Umeshakula na umegundua.* Usijitapishe. Hakuna dawa ya kuiondoa. Kunywa maji, ukiharisha kunywa ORS, kula vyepesi, uji wa mchele, ndizi, pumzika. Ukitapika au kuharisha usipate nafuu, ukaona kizunguzungu au damu, nenda hospitali. Na andika ulikula wapi na nini, utakuja kushukuru.

*Hujala ngano na tumbo linasumbua.* Angalia unga wa mashineni, vipakiti vya viungo, shayiri iliyoitwa jina lingine, kikaango cha nyumbani kinachochoma chapati za wengine. Ikiendelea rudi kwa daktari, sio kila kiungulia ni gluteni.

*Mhudumu hajui.* Mpe kikadi apeleke jikoni. Akirudi na jibu chini ya nusu dakika, hajapeleka.

*Hakuna kitu salama hata kimoja.* Mayai ya kuchemsha umenye mwenyewe, muhindi wa kuchoma, muhogo wa kuchoma, dafu, tunda. Ndo maana ya ile akiba mkobani.

*Mwenyeji amenuna.* Hasa ukweni, na kaamka alfajiri kukusukumia chapati. Usianze kumueleza utumbo mbele ya wageni. Sema "mama, nifungie nikale nyumbani nikitulia". Atafunga nyingi na sura itarudi. Ukifika, wape watoto wa jirani. Mama mkwe wangu alinifungia hivyo mwaka mzima kabla hajaniuliza, sasa nikienda nakuta sufuria ndogo ya wali imefunikwa kitambaa, pembeni kabisa ya jiko, na mtu asiiguse.